Hesabu za Kunduchi

Daftari langu lina jalada la kijani
na ukurasa wa Disemba unasomeka hivi:
mwendokasi, Gerezani hadi Moroko, watu watano;
bajaji toka pale;
kiingilio, wakubwa wawili, watoto watatu;
chipsi kuku sahani mbili (tugawane);
soda;
kukodi boya la Hidaya,
ambaye haogopi maji, anaogopa macho ya watu.
Jumla nikaipigia mstari mara mbili
kama karani anayeijua kazi yake.

Kisichoandikwa ni bei niliyonunulia hela yenyewe.

Tangu Septemba nilichukua zamu ya pili bandarini,
nikihesabu makontena chini ya taa kali
hadi namba zikanifuata usingizini.
Mwasiti alifunika chakula kwa sahani,
na sahani akaifunika kwa kanga,
nami nilikula saa saba usiku, nimesimama,
kama mwizi wa jikoni kwangu.
Watoto walinijua kwa sauti: komeo, ndoo, kikohozi.
Kondo, nasikia, alimwambia mwalimu wake
kwamba baba anafanya kazi ya kurudi.

Siku ikafika. Tukapanga foleni, tukagongwa mihuri mikononi.
Tausi alipanda ngazi za mtelezo mrefu kuliko yote
akaita toka juu, "Baba, niangalie!"
Niliangalia. Naapa niliangalia.
Kisha kile kiti kilikuwa kirefu,
na upepo wa Kunduchi hauna adabu,
humkamata mtu aliyechoka ukamlaza mchana kweupe.

Nilizinduka saa tisa na nusu.
Chipsi zimekwisha. Nimefunikwa taulo mbichi.
Ipo picha: wanne wanacheka,
wa tano kinywa wazi.
Tausi aliteleza mara kumi na moja.
Mimi niliona moja.

Nimejaribu kuikokotoa:
jioni sitini na mbili, gawanya kwa mtelezo mmoja.
Karatasi ya pembeni imejaa, jibu halikai.

Watu husema pesa ni makaratasi.
Wasemao hivyo, nimechunguza, makaratasi wanayo.
Mimi sisemi. Hidaya kule alicheka mbele za watu,
akatoka majini bila kujificha nyuma ya mama yake,
na kicheko kile kilikuwa na kiingilio,
nilikilipa,
na Mungu akipenda nitakilipa tena.

Ila Januari nilimwambia msimamizi: Jumatano, hapana.
Akanitazama kama kontena lisilo na namba.

Jumatano ya kwanza ilikuwa mbaya, nisidanganye.
Umeme ulikatika Keko nzima.
Watoto walikaa nami sebuleni
kama watu waliokutana benchi la zahanati.
Niliuliza habari za shule. Nzuri.
Niliuliza tena, kwa maneno mengine. Nzuri.
Kondo akajikuna goti, akasema,
"Baba, kwani umefukuzwa?"
Mwasiti akacheka hadi akaupindua ungo wa kunde.

Tukapiga magoti wote, kwa tochi ya simu,
tukaokota punje kwa punje, chini ya kochi, nyuma ya mtungi wa gesi,
Hidaya akizihesabu kwa sauti na kurudia makosa yaleyale,
na hapo ndipo nilipoona
kwamba Tausi anaokotea mkono wa kushoto.
"Tangu lini?" nikauliza.
Mama yake akaninyooshea tochi usoni.
Miaka tisa.
Mkono wa kushoto.

Umeme uliporudi nikafungua daftari.
Nikaandika tarehe. Nikaandika: kunde, nusu kilo, zimepotea kiasi.
Upande wa pesa sikufika.
Si kwamba ile jioni ilikuwa bure;
zamu moja ni elfu kumi na tano, naijua hadi senti,
na mwisho wa mwezi nitaikumbuka dukani.
Ni kwamba Tausi aliiomba kalamu,
akakaa pembeni yangu, akaishika kwa mkono wake ule,
na sikuwa na haraka ya kurudishiwa.